Mpunga Uliobaki Shimoni

Jumanne, 14 Aprili

Bonde bado limejaa. Nimeshuka Jangwani baada ya sala ya alfajiri, nimerudi na tope mpaka kiunoni. Kama jana. Kama juzi. Mpunga wangu hauonekani. Maji matupu, na bata wa watu wanaogelea pale nilipopalilia kwa mikono yangu.

Zamani maji yalikuja, yakakaa kidogo, yakaenda zake baharini. Tangu lijengwe lile tuta la barabara, yanakuja na kukaa. Huu mwaka wa tatu. Mbegu ni ile ile ya baba. Mkulima ni yule yule, na bonde zima hakuna wa kunishinda. Basi kosa si langu.

Ijumaa, 17 Aprili

Mama Zena ameukunja ule mkeka wetu mzuri, ameufunga kamba, ameusimamisha pembeni mwa mlango. Najua. Anataka tuhame Kariakoo, twende Buguruni tukakae kwa Athumani, mume wa binti yetu. Tukalishwe. Mimi! Mimi niliyebeba mzigo wa watu wawili wakati wa vita, porini, mvua na jua.

Nimemwomba msimu mmoja.

"Mmoja, Baba Zena. Mpunga ukifa tena, mkeka huo unatoka, na mimi nyuma yake."

Nimekubali. Nimekasirika. Sikula.

Jumatano, 6 Mei

Maji yametoka. Shamba linanuka. Mpunga umelala, umeoza, ukiushika unateleza kama mlenda. Pale juu karibu na njia umebaki kidogo, kwa sababu maji hayakufika vizuri. Hiyo si ajabu.

Ajabu iko huku chini, shimoni, penye kina kuliko pote. Mashina machache yamesimama. Membamba, mekundu kwenye vifundo, marefu kupita kiasi. Lakini mazima. Nimeyazunguka. Nimeng'oa nyasi pembeni yake. Nimekaa kwenye tope nikiyatazama mpaka jua likanipiga kichwa. Wenzao wote wamekufa. Kwa nini haya?

Jumapili, 21 Juni

Mpunga wa juu unakaribia kukomaa na Mama Zena anataka pepeta. Kila mwaka tunafanya: mpunga mbichi unakaangwa, unatwangwa mpaka unakuwa bapa, unaliwa na nazi, majirani wanaitwa. Na mwaka wa mafuriko ndiyo hasa. Kilichosalia shambani bonde zima hukifanya pepeta chote, maana kidogo hicho cha nini tena? Halafu wengine wanakwenda kutafuta mbegu dukani, mimi nachota gunia la baba, nalo mwaka huu limekwisha.

Leo nimeuona ujinga wetu. Uliobaki tunaula. Mbegu tunachukua kwa ule ambao haujawahi kuona maji.

Nimemwambia auchukue wa juu wote. Wa chini asiuguse.

"Wa juu ndio mzuri, una punje nene. Huo wako una ndevu kama beberu."

Nikamwambia wa juu haujajaribiwa. Umepona kwa kuwa ulikaa pakavu. Wa chini umepona kwa nguvu zake wenyewe.

"Sasa umeanza kuusifia mpunga," akasema. "Nilidhani unajisifu mwenyewe tu."

Alhamisi, 2 Julai

Nimeuvuna wa chini kwa kisu, suke moja moja. Kikapu hakikujaa. Nimeyafunga masuke shada moja, nimelitundika juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu.

Nimewaza njia nzima. Mimi sikuufundisha mpunga kuogelea. Maji nayo hayakuufundisha, maji yaliua tu. Basi ulikuwamo tangu zamani, umechanganyika na wenzake kwenye gunia moja, kama ndugu wa tumbo moja, huyu mrefu huyu mfupi. Wakati wa baba urefu ule haukuwa na faida. Upepo unauangusha. Sasa maji yamebadilika, na siku yake imefika.

Nani mwingine Dar es Salaam nzima amewaza hili? Hakuna.

Jumatatu, 9 Novemba

Dada yangu amefariki jana. Tumemzika leo. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikajifunza kutembea. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Ua ulijaa watu. Watani wetu Wanyamwezi wakaja kutoka sokoni, mbele yao Kazimoto, mchukuzi wa magunia, mzee kama mimi. Ni haki yao. Penye msiba wa Mzaramo hulia kilio cha uongo, hutukana, hunyakua wanachokiona, na mwenye nyumba hakasiriki. Akikasirika ameuaibisha ukoo. Sisi kwao hufanya vile vile. Alipofiwa yeye nilimchukulia jogoo, nikamla mbele ya macho yake.

Kazimoto aliingia jikoni kutafuta chungu. Akatoka na shada langu la mbegu.

"Jamani! Kumbe marehemu ametuachia wali! Mama Zena, leta kinu!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Zena hakucheka, alinitazama mimi. Kinu kikaletwa na mtu mwingine. Nikamwambia, mtani, chukua kuku wote.

"Kuku nitachukua. Na mpunga nitautwanga."

Kukasirika siwezi. Kumpokonya siwezi. Msimu wangu wote uko mkononi mwake, anautikisa kama njuga. Nikamwambia mbele za watu, taja unachotaka.

Akacheka kabla hajasema. "Kila siku unatupigia kelele pale sokoni kwamba vitani ulibeba kuliko Mnyamwezi yeyote. Haya, nibebe. Kesho asubuhi, kutoka mlango huu mpaka lango la soko. Na useme kwa sauti: mimi punda wa Mnyamwezi."

Nimekubali. Shada amelala nalo yeye. Anaweza kulipika. Sidhani. Lakini simwamini. Dada angecheka mpaka machozi yamtoke, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumanne, 10 Novemba

Nimembeba.

Mwembamba yule, lakini mifupa yake mizito. Mtaa mzima ulitoka. Wauza vitunguu, wauza samaki. Mwarabu wa duka la pembeni alipanda juu ya sanduku ili aone vizuri. Nikayasema maneno yale. Kazimoto akasema hasikii. Nikayasema tena, kwa nguvu. Penye tope goti la kushoto likataka kunigomea. Nikaligomea na mimi. Langoni nikamtua polepole, kama kikapu cha mayai.

Akanipa shada. Halikupungua hata suke moja. Kisha akavua kofia, akasema pole, mtani, dada yetu ametutoka. Safari hii alilia kweli.

Aibu kama hii haijapata kumpata mtu wa ukoo wangu. Lakini sikumwangusha. Hilo nalo liandikwe.

Jumatano, 13 Januari

Nimepanda nikiwa na saumu. Athumani alikuja kusaidia. Kijana ana adabu, lazima niseme. "Shikamoo, baba," na kapu la mbegu nyeupe kichwani. "Hizi kwetu zilizaa sana, baba. Tuache hizo zenye ndevu." Kwao Buguruni amelima mlimani. Huko hata kiatu hakilowi.

Sikubishana na mkwe. Mbegu zake nimeziweka juu na katikati. Zangu shimoni. Hazikujaza hata shimo lote.

Mkeka bado umesimama pembeni mwa mlango. Mama Zena anaufuta vumbi. Angeuacha na vumbi ningeona nafuu.

Jumamosi, 9 Aprili

Mvua kubwa. Maji yamefika kwenye tuta, yamegonga, yamerudi shambani. Mpunga umezama wote, wa Athumani na wangu. Mama Zena amekwisha funga mizigo, hata sufuria.

Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa humu hasomi mtu.

Jumatatu, 18 Aprili

Maji hayajashuka. Kazimoto alipita. "Punda wangu hajambo?" Nikamfukuza. Akarudi na muhogo wa kuchoma, akasema punda lazima ale. Tukashuka pamoja mpaka kwenye tuta. Tukasimama. Hakutania tena, na hapo ndipo nilipozidi kuogopa.

Jua lilipolala upande nikaona kitu kule shimoni. Vijincha juu ya maji. Vyembamba kama sindano.

"Nyasi hizo, mtani," akasema taratibu.

Nikavua kanzu. Akanishika mkono, nikauchomoa. Nikaingia mpaka kifuani, nikakishika kimoja, nikafuata shina kwa vidole kwenda chini, nikakuta kifundo, nikavuta kidogo nje ya maji. Kifundo chekundu.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Kazimoto anasema nilimtaja dada.

Jumanne, 10 Mei

Bonde limekauka. Mpunga wa Athumani wa katikati umeoza wote. Wa juu una hali ya kadiri. Shimoni umesimama.

Si wote, nitasema kweli. Wazazi ni wale wale, lakini watoto hawakulingana. Wengine wameoza kama mpunga wowote. Wengi wamesimama, na wapo wachache waliowapita hata wazazi wao. Hao ndio nitakaowafunga shada. Mwaka kesho hivyo hivyo, maji yachague, mimi nihifadhi. Na tuta wakilivunja, maji yakabadilika tena? Basi tutaona nani mwingine alikuwamo kwenye gunia. Ndiyo maana wa juu nao sitauacha uishe.

Athumani alizunguka shimo. Akachuchumaa. "Baba, umeufanyaje?"

Nilikuwa na jibu langu tayari, tangu mwaka jana, lenye jina langu na la baba yangu na vita vyote. Nikasema maji ndiyo yaliyochagua. Mimi nilikataa kuula tu.

Sijui kwa nini nilisema vile. Lakini ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 30 Juni

Tumetwanga pepeta. Sahani ya kwanza alichukua Kazimoto bila kupewa. Akasema inanuka tope, akala ya pili.

Shada jipya limo jikoni, juu ya moshi. Nimefunga na la pili, nimempa Kazimoto akalitundike chumbani kwake, jiko langu likishika moto mbegu isipotee yote. Ameapa hatalipika. Namwamini. Kidogo.

Nimerudi kutoka msikitini. Mama Zena yuko uani anaosha sahani. Mkeka umetandikwa ukumbini, na ile kamba amefungia kuni.

Nimevua viatu, nimeukalia.