Dorka, Farasi Niliyeirudishia Serikali

Oberhaslen,
karibu na Langnau, Emmental.
Tarehe 6 Mei 1973.

Mpendwa mpwa wangu Res,

Hujambo huko Kanada? Mkeo Doreen hajambo? Na wale mapacha, wameshaota meno au bado wanawakosesha usingizi? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, lile nililoumia siku niliporuka na farasi juu ya gari lililojaa nyasi kavu, na mwenye gari amelala juu ya nyasi hizo akikoroma. Mama yako naye hajambo. Kikohozi cha majira ya baridi kimekwisha na sauti yake imerudi yote. Ni bahati mbaya kwangu, maana mimi ndiye ninayesemwa.

Barua yako niliipata wiki ya Pasaka. Nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekasirika, ila si kwako. Unasema wenzako hapo kiwandani walikucheka ulipowaambia kuwa mjomba wako ni askari wa farasi, eti wakauliza kama jeshi letu lina pinde na mishale pia. Unataka historia ya kweli ukawafunge midomo. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hii historia nimeikalia juu ya tandiko, kwa hiyo sikiliza.

Kwanza waambie sisi si wale wa kwenye picha, wanaokimbiza farasi kuielekea mizinga huku wakipunga panga. Dragoni ni askari wa miguu ambaye hataki kufika kazini amechoka, basi. Farasi anampeleka haraka mahali gari halipiti, msituni, mlimani, kwenye theluji ya kufika tumboni. Wakifika wanashuka, mmoja anabaki nyuma ya kilima ameshika hatamu za farasi wa wenzake, na waliobaki wanatambaa na bunduki kama askari mwingine yeyote. Ndivyo tulivyopigana na ndivyo tulivyofunzwa. Upanga babu zetu walikuwa nao, ndiyo, lakini zaidi ulikuwa wa kukatia jibini.

Halafu waambie farasi wetu hawakukaa kambini. Hapo ndipo wageni wote wanapopotea, na mimi nachoka kueleza. Jeshi linamnunua farasi nje, linamfunza, kisha mkulima anampata kwa nusu ya bei na kumweka zizini kwake. Wiki chache kwa mwaka farasi ni askari. Siku nyingine zote anavuta plau na kupeleka maziwa kwenye kiwanda cha jibini. Akikohoa, daktari wa jeshi anakuja. Mke wangu Hanni hukumbusha kila mara kwamba yeye akikohoa haji mtu.

Babu yako Christen alilinda mpaka wa nchi wakati wa vita vya mwisho na farasi wake Bella. Bella alikuwa akinusa sigara ya Kijerumani kutoka ng'ambo ya mto Rhine. Akinusa ya askari wa kawaida anapiga kwato mara moja, akinusa ya ofisa anapiga mara mbili. Hayo aliniambia baba mwenyewe, na baba hakuwa mtu wa kutia chumvi kama watu wengine wa kijiji hiki.

Sasa sikia walivyotufanyia. Desemba iliyopita Bunge lilikaa likaamua jeshi halihitaji tena farasi. Tulikuwa tumewapelekea sahihi za kupinga zaidi ya laki nne, Res! Laki nne za watu wenye akili timamu! Mabwana wale wakasema asanteni sana, wakatufuta kama chaki ubaoni. Wanataka vifaru. Basi hicho kifaru kije kipande hapa nyuma ya banda letu la kuku, mwezi wa pili theluji ikiwa tele, nami nikae dirishani nikiangalia.

Mwezi wa tatu walikiita kikosi chetu mara ya mwisho. Tulijipanga uwanjani kwenye matope ya theluji, farasi wamesafishwa hadi wanang'aa. Meja akasoma hotuba. Akasema serikali inatushukuru, na kila mtu anaweza kubaki na farasi wake awe mali yake kabisa, asiyemtaka amrudishe. Hivi wewe ungejisikiaje? Dorka wangu, jike aliyezaliwa Ayalandi, mwenye baka jeupe usoni, alisimama kando yangu kama sanamu, na huyu bwana anamtaja kama mwavuli uliosahauliwa hotelini.

Nikatoka mstarini nikasema, "Meja, kama serikali haimtaki mpandaji, isimwachie na farasi. Mchukueni!" Nikamkabidhi hatamu. Kikosi kizima kilinishangilia. Jirani yangu Köbi Wüthrich alipaza sauti, "Hapo Godi umewapa! Umewapa za uso!" Wakanishangilia wote, kisha kila mmoja akapanda farasi wake akaenda kwake. Hakuna hata mmoja aliyefanya kama mimi. Ndio wanaume wa siku hizi hao.

Nilifika nyumbani kwa miguu, tandiko begani. Hanni alikuwa mlangoni.

"Baba Trudi, Dorka yuko wapi?"

"Nimeirudishia serikali. Kwa heshima."

"Heshima itavuta plau?"

"Hanni, haya ni mambo ya jeshi, wewe huyaelewi."

"Ya jeshi! Wewe ulimpanda wiki tatu. Wiki zilizobaki alikuwa na nani? Nina mimba ya Trudi, kilima kile nilikuwa nakipanda nimeshika mkia wake, wewe uko baani unasimulia vita ambavyo hukupigana!"

Nikalipeleka tandiko zizini. Jioni ile ile mama yako alikuja, na yeye akaanza upya kutoka mwanzo.

Mambo yakaharibika zaidi Köbi alipoleta habari kwamba farasi waliorudishwa watauzwa kwa mnada Alhamisi kwenye zizi kuu la jeshi kule Bern, na kwamba kuna mchinjaji kutoka Thun ananunua kila jike aliyevuka miaka kumi, kwa ajili ya soseji. Dorka ana kumi na tatu. Hanni hakulia. Alikuwa akimenya viazi, na kila alichomaliza alikitupa ndani ya sufuria kwa nguvu hata maji yakanirukia usoni. Nikasema, "Basi, nitakwenda kumkomboa." Akasema, "Tutakwenda."

Ndani ya treni alikataa kukaa karibu yangu. Alivaa nguo zake za kanisani, akakaa na Köbi, wakaongea njia nzima kana kwamba mimi ni mzigo ulioachwa na abiria mwingine.

Uwanja ulijaa dragoni wa jimbo zima waliokuja kuaga. Sisi tuna desturi yetu: mpandaji akitaja bei ya farasi aliyempanda mwenyewe, mwenzake hapandishi. Anaingiza mikono mfukoni na kutazama mawingu. Lakini mchinjaji si dragoni. Alikuwa pande la mtu, shingo na kichwa ni kitu kimoja. Dorka alipotolewa nikataja bei, naye akapandisha. Nikapandisha, akapandisha. Moyo ulinienda mbio, Res, kuliko siku ile nilipovuka mto Aare uliofurika, ndama begani.

Köbi akasogea karibu na yule mtu. "Bwana mkubwa, unamnunua huyo kwa kula?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Nakuonea huruma. Huyo ni mifupa na hasira tupu. Soseji zake zitawapiga wateja wako mateke wakiwa msalani."

"Na meno yake je?" akadakia mwingine nyuma. "Mwulize aliyemfunga lijamu! Amebaki na vidole vingapi?"

Watu wakacheka, mchinjaji akacheka pia, akapandisha mara moja tena ili asionekane ameogopa. Nami nikapandisha. Hapo akatema mate chini, akapunga mkono wa kuacha. Dorka amepona. Dalali akainua nyundo yake.

Sauti ikatoka nyuma, ikapandisha juu yangu.

Nikageuka kutafuta msaliti. Alikuwa Hanni, amepanda juu ya ndoo iliyofudikizwa ili aonekane.

Dalali, aliyekuwa ametuona tukiingia pamoja, akaishusha nyundo bila kugonga. "Mama, huyu si mumeo?"

"Ndiye."

"Sasa mnashindana nyumba moja?"

"Yeye alishakuwa naye akamgawa ili apigiwe makofi. Safari hii nataka awe wangu mimi."

Res, waliocheka ni dragoni wale wale walionishangilia mwezi uliotangulia! Damu ikanipanda, nikapandisha. Hanni akapandisha bila hata kunitazama. Nikainua mkono tena, Köbi akanivuta koti: "We Godi, nyamaza! Unajipandishia bei mwenyewe, mjinga wewe!" Na mchinjaji, ambaye hata hakumjua Hanni, alikuwa anampigia makofi. Nikauteremsha mkono. Sijawahi kusalimu amri katika utumishi wangu wote, na sikudhani nitasalimu kwa mtu aliyesimama juu ya ndoo.

Nyundo ikagongwa, na askari aliyeandikisha wanunuzi mezani akamwuliza, kwa mazoea tu, alitumikia kikosi gani. Hanni akamjibu, "Cha viazi." Yule kijana akaandika hivyo hivyo.

Kutoka stesheni ya Langnau hadi nyumbani yeye alitangulia na hatamu mkononi, nami nikafuata nyuma. Dorka hakunigeukia hata mara moja. Tangu siku hiyo wamelima shamba lote la juu wao wawili. Jumapili iliyopita, baada ya mkate na kahawa, nilimwomba Hanni nimpande kidogo, hadi msituni tu na kurudi. Akasema Dorka amefanya kazi wiki nzima na leo ni siku yake ya kupumzika. Nikamwuliza, na Jumatatu je? Akasema Jumatatu wana kazi. Kwa hiyo nasubiri wamalize kupanda viazi, kama kuruta.

Usimwandikie kumpongeza, tafadhali. Mama yako ameshampongeza vya kutosha.

Nisalimie Doreen na uwabusu mapacha kwa niaba yangu. Mama yako, Trudi na Köbi wanakusalimu, na Hanni anasema ujifunike vizuri kwenye baridi ya huko. Mungu awalinde ninyi nyote, na aniongezee mimi subira, maana ya kwangu imebaki kidogo sana.

Mimi mjomba wako nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Gottfried (Godi) Zaugg,
koplo wa dragoni.