Timu Ilishuka Nikiwa Uwanjani

Jumatatu, 9 Juni

Juzi tumepigwa tena, mbili bila. Sasa hata mimi niliyeishia darasa la tatu naelewa. Jumamosi hii ni mechi ya mwisho, tunacheza nyumbani. Tukitoka sare tunabaki. Tukifungwa tunashuka daraja. Curtidores kushuka! Timu ya watu wa viwanda vya ngozi. Timu ya baba yangu.

Mtaa umenuna. Dukani kwa Irma, pale tunaponunua mikate, hakuna anayesalimia vizuri. Irma mwenyewe kanivuta pembeni, ananong'ona utadhani tunapanga kuiba benki — Delmira, Jumamosi utakuwa wapi? Nikamwambia ni pale pale pa siku zote, jikoni na pasi yangu. Akafanya ishara ya msalaba. Akaniongezea mkate mtamu ambao sikuuomba. Wengine wanajulikana kwa kuimba. Mimi najulikana kwa kutokuwepo.

Ndivyo ilivyo toka mwaka wa sabini na moja. Nina mimba ya Horacio, kichefuchefu kinanisumbua, nikatoka nje ya geti la uwanja kupata hewa. Goli letu! Nikarudi — wakasawazisha. Kaka zangu wakanitazama. Nazareno, mume wangu, akanishika mkono taratibu, akanitoa tena nje, akaninunulia chungwa. Sijalimaliza kulimenya, goli jingine. Tukapanda daraja. Basi, toka siku ile wakanifanya dawa ya timu. Curtidores wakicheza nyumbani, mimi nazima redio nisisikie hata matokeo, nageukia ukuta, napiga pasi. Nguo zikiisha napiga pasi mataulo.

Hakuna aliyeniuliza kama napenda.

Maana kabla ya hapo nilikuwa nakwenda mimi! Toka nina miaka sita, mabegani kwa baba. Mikono yake haikuacha kunuka ngozi hata ukiisugua na limau. Jukwaa zima lilinuka hivyo, wanaume wote walitoka kazini moja kwa moja. Nikisikia harufu ya kiatu kipya dukani mpaka leo, nageuka kutafuta goli liko upande gani.

Alhamisi, 12 Juni

Sijalala vizuri. Mzee ananitaka niende naye.

Macho ya Nazareno yamekwisha, anaona mwanga na kivuli tu. Miaka yote hii alikuwa anakwenda na Lino, rafiki yake, Lino anamsimulia mchezo sikioni. Lino tumemzika mwezi wa tatu. Horacio hawezi, yeye yuko nyuma ya goli na wapiga ngoma, hata mama yake akifa pale hatasikia. Redio nayo haitangazi mechi za daraja letu, labda uwe na jamaa kwenye stesheni.

Leo tunakunywa yerba jikoni, ile chai yetu chungu, mimi namimina, yeye anapokea. Ghafla akasema anataka nimsimulie mimi. Nikamuuliza kama amechanganyikiwa. Ni wewe, nikamwambia, ni wewe uliyenitoa pale kwa mkono wako. Akasema anajua. Akageuza kikombe, akageuza, akasema, "Sitaki kuambiwa na watu kwamba tumeshuka. Nataka niwepo. Na peke yangu siwezi hata kupata ngazi."

Mwanaume huyu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu hawezi. Hata mtungi wa gesi anabeba mwenyewe, anajigonga kila mlango.

Nikamwambia nitafikiri. Kumbe nilikuwa nimeshafikiri. Nilikuwa nafikiria viatu.

Ijumaa, 13 Juni

Horacio amekuja. Baba yake ameropoka. Mwanangu ana miaka thelathini na mbili, nywele zinampungua, na amesimama hapo jikoni macho yamemjaa maji.

Akaniomba. Akasema tukifungwa, mtaa mzima utaniangalia mimi. Akasema nimngojeshe mzee mpaka msimu ujao, mechi yoyote, yeye mwenyewe atatupeleka, ila si kesho. Nikamwambia, msimu ujao baba yako atakuwa na miaka themanini na moja, nenda kamwambie yeye angoje. Hakwenda. Akachukua kipande cha jibini, akala amesimama, akaondoka bila kumaliza.

Nimepiga pasi koti langu la bluu.

Jumapili, 15 Juni

Leo ni siku ya akina baba. Nimepika ravioli, vile vifuko vya unga vya nyama, za watu watano. Tumekula wawili. Basi nina nafasi ya kuandika.

Nianze na ngazi za uwanja, jana. Ni zile zile! Ya nne bado imevunjika pembeni, mguu wangu uliikumbuka kabla yangu. Mbao za kukalia zimeondolewa, sasa ni saruji, inakuingia baridi mpaka kiunoni. Muuza kahawa na mkebe wake begani hayupo tena. Muuza karanga yupo — mtoto wa yule wa zamani, pua ile ile. Kijani cha nyasi ndicho kilichonipiga. Nilikuwa nimesahau kwamba ni kijani hivyo. Nikasimama. Nyuma yangu watu wakaanza kulalamika, na Nazareno akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, napumua.

Watu waliniona. Walijisogeza. Mzee mmoja alinivulia kofia kama unavyomvulia maiti.

Nikaanza kusimulia. Mimi sijui kuotea wala hayo mengine, nasema ninachoona. Namba tano ana nywele ndefu, hajala vizuri huyo, mama yake yuko wapi. Refa ana tumbo. Beki wetu wa kushoto kaanguka, hajaguswa, mwongo. Winga wao anakimbia na mdomo wazi. Nazareno akaanza kucheka. Akasema Lino alikuwa anamwambia pasi na namba tu, hakuwahi kumwambia refa ana tumbo. Kijana mmoja mbele akageuka, akasema, "Bibi, punguza sauti, unatuletea nuksi." Mwanamke aliye pembeni yake akamkata: "Mwache bibi aseme, mimi bila miwani sioni kitu."

Basi nikasema. Nikasema mpaka koo likakauka. Na katikati ya kusema nikajikuta najua mambo. Nilijua kipa atatoka kabla hajatoka. Nilijua kona ile ni hatari. Ilikuwa imekaa humu ndani miaka yote, chini ya mataulo.

Mapumziko, bila bila. Nazareno alinishika kiwiko, mkono wake una moto. Nikawaza, tutabaki. Nikawaza, nitarudi dukani kwa Irma nimeinua kichwa.

Halafu wakapata mpira wa adhabu, mwishoni kabisa. Watu wakaanza kuomba, wengine wakageuza migongo. Nikamwambia Nazareno, wanapanga ukuta. Nikamwambia, namba kumi wao anarudi nyuma. Anakimbia. Anapiga —

Nikanyamaza.

Wale mashabiki wa Rivadulla, timu tuliyocheza nayo, ni wachache, wapo kona ya mbali, ndio peke yao waliopiga kelele. Huku kwetu, kimya. Sijapata kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza.

"Sema," Nazareno akaniambia.

"Si umesikia."

"Nimesikia. Lakini nataka unisimulie."

Nikamsimulia. Juu ya ukuta, kulia kwa kipa, aligusa kwa vidole, ukapiga mwamba ukaingia. Akatingisha kichwa taratibu. Akasema, "Goli zuri." Nikataka kumchapa.

Filimbi ikalia, na ikawa kama msiba wa mtu wa ukoo mzima. Wanaume wazima wamekaa chini kwenye saruji yenye maji. Yule mzee wa kofia alipiga magoti, akabusu ngazi. Kijana aliyenifokea alikuwa analia na kikohozi ndani yake, yule mwanamke asiye na miwani akampa skafu yake afute pua. Polisi mmoja, mtoto wa mtaa huu, alitazama ukutani mabega yanamtetemeka. Wachezaji wamelala kwenye nyasi, hakuna wa kuwanyanyua. Halafu mtu mmoja huko juu akaanza kuimba. Ule wimbo wa zamani, wa viwanda, baba alikuwa ananiimbia niamke. Wakaitikia kumi, wakaitikia mia, jukwaa zima. Wameshuka na wanaimba! Nazareno akaimba. Nikaimba na mimi, maneno yote, sikukosa hata moja. Nilimwona baba. Sisemi niliota — nilimwona mgongo, ngazi mbili mbele yangu, na ile kofia yake ya kazi.

Sikulia kwenye mazishi yake. Nililia jana.

Ndipo Horacio akapanda ngazi kutoka kule nyuma ya goli. Uso mwekundu, fimbo ya ngoma bado mkononi. Watu wakampisha. Akasimama mbele yangu, na wote waliokuwa karibu wakaacha kuimba.

"Mama. Miaka yote hiyo umekaa nyumbani. Umeshindwa siku moja?"

"Mimi sikupiga ule mpira, Horacio."

Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Akashuka. Hakugeuka.

Sasa ravioli nimewafunikia. Zimeshikana.

Ijumaa, 20 Juni

Sikukuu ya bendera. Horacio hajaja. Simu anapokea Mirta, mkewe, anasema yuko bafuni. Mwanaume gani anaoga mchana kutwa.

Irma amenipimia mkate sawasawa, bila nyongeza. Amenirudishia chenji juu ya meza, si mkononi. Sawa. Nimemwambia mkate wake wa jana ulikuwa mbichi katikati. Na ulikuwa mbichi kweli.

Jumapili, 29 Juni

Tarehe ishirini na tisa, siku ya nyoki, kila nyumba inakanda viazi na unga. Mirta amekuja na Yanina, mjukuu wangu. Horacio hakuja.

Yanina alikanda nami, anabonyeza kila tonge kwa uma, anapanga kama askari. Ana miaka kumi na mbili na ulimi mrefu. Akaniuliza kama ni kweli nimeishusha timu. Mirta akamkaripia. Nikasema mwache. Nikamwambia, timu ilifungwa mechi kumi na tisa mwaka huu kabla ya ile, na za nyumbani zote nilikuwa napiga pasi. Akafikiri. Akasema, "Basi bibi, pasi ndiyo mbovu."

Nazareno alicheka mpaka nyoki ikampalia. Yeye ana furaha kama bwana harusi! Toka siku ile anaimba bafuni. Anamsimulia kila mtu refa ana tumbo. Anasema ule mchezo ndio alioona vizuri kuliko yote toka macho yalipoanza kuharibika. Ameshaniuliza mara mbili ligi inaanza lini.

Lakini wakati wa kuosha vyombo Mirta akanieleza alichotumwa. Horacio hana hasira, anasema. Ana majonzi tu. Nikimpa neno langu kwamba msimu huu nitabaki nyumbani kama zamani, Jumapili ijayo atakuja kula. Nilisugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 9 Julai

Sikukuu ya uhuru. Nimechemsha mahindi na maboga na nyama, chungu kizima, Nazareno kala bakuli mbili. Kile kiti cha Horacio, tunakipitia kama kuna mtu.

Mtoto wangu mmoja. Nilimzaa kwa shida, nikamfunga skafu ya timu, ya njano na kahawia, kabla hajafungwa nepi. Ni mimi niliyemfundisha wimbo ule. Si Nazareno, ni mimi, jikoni, nikiwa na pasi. Nani alimfundisha kuipenda timu hivi mpaka aweze kunikataa kwa ajili yake?

Baada ya kula nikamwambia Nazareno, basi, nitabaki nyumbani. Tumtafute mtu mwingine wa kukusimulia. Hakubisha. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akachukua jaketi lake kwenye msumari alipoliacha toka mwezi jana. Akaenda kulitundika ndani ya kabati, nyuma kabisa.

Hilo tu. Angenitukana ningejua la kufanya.

Jumamosi, 2 Agosti

Ligi inaanza leo, saa tisa na nusu, daraja la chini, na timu ambayo sijapata kuisikia. Jua limetoka, baridi kali.

Asubuhi nilitoa ubao wa pasi. Nikaweka taulo. Nikaitazama. Nikazima pasi, nikaenda kwenye kabati, nikalitoa lile jaketi, nikampigia brashi mgongoni akiwa amelivaa. Nazareno alishika sikio langu kidogo, kama zamani. Tukawa tumejiandaa, tumekaa, tunasubiri basi la saa nane.

Saa saba na nusu gari la Horacio likasimama mlangoni.

Ameingia. Mara ya kwanza toka Juni. Amekonda. Alimbusu baba yake. Mimi aliniona na koti la bluu, viatu vya kutokea, skafu. Akatazama ubao wa pasi. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga wiki nne, makali yote. Sikuyasema. Nilimwambia kuna maboga ya jana, ale. Akasema hana njaa. Akasema, "Nimekuja kumchukua mzee." Mzee peke yake, hivyo ndivyo alivyosema. Na Nazareno akajibu kwamba yeye haendi popote bila macho yake. Horacio akasimama pale, mikono mifukoni, kama utotoni, akiwa amevunja kioo cha watu. Halafu akatoka nje.

Nikasema basi, amekwenda. Nikakaa mezani, nikafungua hapa, kuandika kuna kazi yake. Sijasikia gari likiwaka.

Yanina ameingia mbio, kumbe alikuwa garini. Anasema baba anatoa makopo yake ya rangi ya kazini kwenye kiti cha nyuma, na ngazi, na turubai, anayapanga yote hapo kibarazani. Nikamwambia anakutolea wewe nafasi. Akasema, "Mimi huwa nakaa juu ya makopo, bibi. Hajawahi kunitolea."

Nimechungulia dirishani. Kweli. Sasa ameinama humo ndani, anapangusa kiti kwa kitambaa. Mwanaume huyu hajui kupangusa! Kitambaa chenyewe kina rangi, anausambaza uchafu kwa bidii, na koti langu ni la bluu —

Ngoja nikamwonyeshe.