Sosi ya Jibini kwa Mtu Mmoja

Leeds, 9 Machi 2001

Baba mpendwa,

Hujambo huko shambani? Mimi mzima wa mwili, masomo yanakwenda, mengine tuyaache. Simu yako inalia mpaka inakata. Edwin wa posta anasema huipokei kwa kuwa wanaopiga ni watu wa wizara tu, kwa hiyo naandika. Anasema pia kwamba mkate anaokuachia getini hukaa hapo mpaka ulowe mvua.

Najua ugonjwa wa miguu na midomo umefika shamba la pili kutoka kwako, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuingia kwako wala wewe kutoka. Najua gari la makaa halipandi tena na jiko la Mama limezimika. Lakini maikrowevu ipo. Siku zote unapashia ndama yatima maziwa humo. Sasa jipashie mwenyewe.

Chukua bakuli la kioo. Tia siagi kijiko kimoja, iyeyuke nusu dakika. Koroga na unga wa ngano kijiko kimoja. Mimina kikombe cha maziwa, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Weka ndani dakika moja, toa, koroga. Rudisha, toa, koroga, mpaka iwe nzito na ishike mgongo wa kijiko. Jibini ni mwisho, bakuli likiwa limeshatoka, pamoja na chumvi na haradali kidogo. Mwagia juu ya mkate uliobanikwa.

Tangu tumzike Mama Oktoba hujapika kitu. Kula, Baba.

Mwanao,
Bryony


Skelgarth, 14 Machi

Binti yangu,

Salamu zako zimefika zikinuka dawa, maana Edwin hunyunyizia hata mfuko wake. Mimi si haba. Ng'ombe nao si haba. Kila asubuhi nawafungua midomo na kuwachungulia kama daktari wa meno.

Nilifanya kama ulivyoandika, isipokuwa pale nilipodhani najua zaidi. Kikombe kimoja cha maziwa! Lori la maziwa limekatazwa kuja, tangi limejaa, namwaga shimoni asubuhi na jioni, na msomi wangu ananipimia kikombe. Nikatia jagi zima kwa mpigo. Ikafura, ikamwagika, kile kisahani kinachozunguka kikaelea. Iliyobaki ilikuwa na madonge kama maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Nilikula nusu. Mbwa akala nusu yake, akaniangalia kwa huruma.

Mama yako angecheka mpaka akae chini.

Baba yako


Leeds, 18 Machi

Shikamoo Baba,

Nashukuru kusikia u mzima. Nilisoma barua yako maktabani nikacheka peke yangu, halafu nikaenda msalani kulia. Madonge yanaletwa na pupa. Na maziwa ya Skelgarth yana mafuta kuliko haya tunayokunywa mjini, hayapendi kuharakishwa.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Siogopi sana ng'ombe kufa. Naogopa siku ambayo hutakuwa na wa kumkamua: utaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, utakaa ukingoni mwa kitanda, na hutaona sababu ya kushuka. Kuna mkulima upande wa kaskazini ameshajimaliza. Usiniambie nafikiri kupita kiasi. Niandikie tu kila unapokula.

Mwanao,
Bryony


Skelgarth, 23 Machi

Bryony,

Salamu. Ng'ombe wetu Damson ana malengelenge kwenye ulimi.

Daktari wa mifugo waliyemleta ni msichana wa umri wako. Alitazama mara moja, akageukia ukuta. Nikamwambia, "Futa machozi, hukuuleta wewe." Akasema, "Samahani, mzee." Nikamwambia, "Mzee ni babako." Akacheka kidogo, kisha akaenda kuwaita wapiga risasi, maana akiugua mmoja sheria inataka wauawe wote. Watakuja kesho saa mbili asubuhi.

Jioni hii nimewakamua wote. Yule daktari aliniuliza ya nini. Nikamjibu kwamba kiwele kikijaa kinauma, hata kama ni kwa usiku mmoja.

Nilichota kikombe, si jagi. Kidogo kidogo. Sosi imetoka laini, haina donge hata moja. Iko mezani mbele yangu na inashika utando juu.

Baba yako


Leeds, 30 Machi

Baba,

U hali gani? Nijibu hata neno moja. Edwin anasema moshi wa mizoga umelala bondeni wiki nzima, na kwamba taa ya jikoni kwako inawaka. Taa si jibu.

Mwanao


Leeds, 8 Aprili

Baba,

Sijui nikusalimuje, maana nimekuona. Jumamosi nilikuja. Polisi wa getini akaniambia, "Geuza, dada. Hata askofu haingii hapa." Nikasimama ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa mawe.

Saa kumi alasiri ulitoka umevaa aproni ya kukamulia, ukaingia bandani. Nikasikia mashine ya kukamulia ikiwashwa. Ilinguruma muda ambao ungetosha kuwakamua ng'ombe wote kama wangekuwepo, kisha ikanyamaza. Ukatoka, ukarudishia mlango taratibu, kana kwamba ndani kuna aliyelala.

Sikukuita. Niliogopa ukijua nimeona utaona aibu. Sasa nakwambia nimeona. Ningekuwa mimi, ningeiwasha pia.

Lakini unakula nini? Aproni inakuzunguka mara mbili.

Mwanao,
Bryony


Skelgarth, 2 Mei

Binti yangu,

Mimi mzima, kama bado hilo ndilo swali lako. Nilikuona pale ukutani. Sikukuita, kwa sababu ileile yako. Mashine haiwashwi tena. Wasafishaji wa wizara wameng'oa mabomba.

Ulisema kweli kuhusu kitanda. Kuna siku sikushuka. Mbwa ndiye aliyenivuta blanketi, na hakuwa na mapenzi, alikuwa na njaa. Nikashuka kumlisha. Nikishashuka, naona heri nivae viatu.

Wameniruhusu kutoka. Jana nilikwenda mjini nikanunua unga, siagi na kipande cha jibini. Halafu nikafika kwenye friji la maziwa. Bryony, maisha yangu yote sijawahi kununua maziwa, wala baba yangu, wala babu yangu. Yalikuwa kwenye chupa za plastiki, vifuniko vya rangi rangi, safu juu ya safu. Nilisimama pale mpaka msichana wa dukani akaniuliza, "Unatafuta nini, babu?" Nikasema nimesahau. Nikalipia nilivyoshika, nikarudi nyumbani.

Nimekula mkate na jibini kavu. Si chakula, lakini nimekula, na umesema nikuandikie.

Geti liko wazi. Njoo Jumapili, na uje na maziwa. Mimi bado siwezi.

Baba yako