Ulivyonificha Kule Kwenye Mizabibu

Dada Mwanaidi, uliyeko Tanga na Baba,

Salamu zitangoja. Leo asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, umenitumia ujumbe: "Baba hajambo, anakusalimu." Nimekupigia, hupokei. Nimepiga tena, ukaniandikia kwamba mtandao haushiki. Basi nakuandikia, na barua hii nitaiweka mahali ukoo mzima uione, maana mara ile ukoo mzima ulijua na mjinga nilikuwa mimi peke yangu.

Maneno hayo nayajua, Dada. Uliwahi kuniambia hayo hayo tulipokuwa Ufaransa. Siku ile aliyenisalimu alikuwa Mama, na Mama alikuwa ameshakufa.

Nyumba ile ya wageni kule Ufaransa uliichagua wewe. Ulikuwa umechoka kuogesha wazee wa watu kule Malvern, upande wa pili wa jiji hili la ugenini, nami nimechoka kupanga mikate kiwandani hapa Rexdale, ukasema, "Twende mahali tukatandikiwe kitanda na mtu mwingine, hata mara moja kabla hatujazeeka." Nilikucheka. Watu wa Tanga tusiogusa pombe, tukakae katikati ya mashamba ya mvinyo? Nikakwambia ni sawa na kwenda karamuni umefunga. Ukanijibu kwamba macho hayafungi, tutakula kwa macho.

Na kweli tulikula. Ngazi za mawe zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za watu wa karne tatu. Ufunguo wa chumba ulikuwa wa chuma, mzito, ukasema mwizi akija utamponda nao. Yule bibi mwenye nyumba alipoona mitandio yetu hakuuliza kitu, akatuletea juisi ya zabibu badala ya mvinyo. Kitanda kilikuwa kirefu kwenda juu, ukapanda kwa kigoda, kigoda kikakutupa, tukacheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Sijasahau. Ingekuwa rahisi kukukasirikia kama ningesahau.

Siku ya pili jioni Mjomba alikupigia ukiwa bustanini. Nilikuwa dirishani nakuona. Ulikaa kwenye ukingo wa kisima, kisha ukasimama, kisha ukakaa tena. Ulipopanda juu macho yalikuwa mekundu, nikauliza kuna nini. Ukasema vumbi. Nikauliza Mjomba anasemaje.

"Wazima wote. Mama hajambo, anakusalimu."

Nami nikaitika salamu. Nikasema, "Mwambie nimembebea zabibu." Ukaingia bafuni ukafungulia maji, yakamwagika muda mrefu. Baadaye ukaswali, ukakaa kwenye sijida mpaka nikakutania, leo unaomba nini, gari au mume? Ukaikunja sijida ukalala. Nilidhani umechoka.

Asubuhi yake walikuwa wanavuna. Bibi mwenye nyumba alinishika mkono mezani akaubana, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, nikafikiri ndio ukarimu wa kwao. Nikafunga kanga kiunoni, nikaingia kwenye mistari ya mizabibu na mkasi, nikakata vishada kama mtu aliyezaliwa humo. Nikakuita unipige picha. Ulinipiga, Dada. Ulisema, "Cheka kidogo." Nikacheka kwa meno yote, nikaiweka statasi papo hapo. Ndipo ukaniomba simu yangu, eti yako imeisha chaji, na hukunirudishia. Kila nilipoidai ukaniambia kuta za mawe, mtandao haushiki.

Wakati huo Tanga walikuwa wanamwosha Mama. Shangazi alikuwa amekaa mkekani na simu mkononi, akaniona nikicheka na zabibu. Mpaka leo ananiita Binti Zabibu. Wamemweleza kwamba sikujua, naye husema, "Ajue asijue, alicheka." Nitamjibu nini? Ni kweli nilicheka.

Nilijua tuliporudi, Malvern, mlangoni kwako. Ulisema tupitie kwako kwanza tunywe chai. Nikakuta viatu vimejaa barazani, vya kike na vya kiume, na hapakuwa na sherehe yoyote. Mtu wa kwetu akiona viatu vingi namna ile haulizi. Ndani makochi yamesogezwa, mikeka imetandikwa, wanawake wamejifunika, na wote wakanitazama mimi. Wakanikalisha chini kabla hawajasema neno, kama wazee walivyotufundisha: msafiri haambiwi msiba, huambiwa akishafika, akishakaa, watu wamemzunguka. Hata binti yangu Rahma, anayesikia Kiswahili akajibu Kiingereza, alikuwa anajua. Alimuuliza mke wa jirani yako kwa Kiingereza chake hicho, kwani mama yangu hakuambiwa? Mtoto wa miaka kumi na mbili alimlilia bibi yake kabla yangu.

Na yule bibi Mfaransa mwenye nyumba pia. Ulikiri mwenyewe tulipogombana, kwamba usiku ule ulishuka jikoni ukamwambia, akakupikia maziwa. Mama yangu alikufa na mtu niliyemfahamu siku mbili akajua kabla yangu. Hilo ndilo linaloniwasha, Dada. Usidhani ni picha.

Ulijitetea. "Ningekwambia ungefanya nini? Hakuna ndege ambayo ingekufikisha mazikoni." Hilo nililikubali, maana ni kweli. Kisha ukasema lile jingine: "Nilikuachia siku mbili zaidi za kuwa na mama." Nilitoka nje nikasubiri basi barabarani bila koti, kwa sababu ningebaki ningekupiga.

Sikuwa na mama siku zile. Nilikuwa na uongo wako. Wewe ndiye uliyekuwa yatima, peke yako bafuni, maji yakitiririka ili nisikusikie, na mdogo wako yuko nyuma ya ubao wa mlango anajipaka losheni. Ungenifungulia. Tungelia wawili juu ya kile kitanda kirefu, wa chumba cha pili wagonge ukuta wapendavyo. Nani alikwambia mimi ni wa kubebwa tu? Umenifuta kamasi utotoni, sawa, lakini Mama hakukuzaa peke yako. Uliniibia kilio changu, ukaninyima na nafasi ya kukufuta machozi wewe. Kwa hilo nimekasirika mpaka leo, na sitasema nimesamehe ili watu wapate kupumua.

Sasa uko kwa Baba. Nakushukuru, na hilo nalisema waziwazi hapa hapa: umeacha maisha yako kwenda kumgeuza mzee kitandani, nami huwa natuma fedha na maneno tu. Nimekata tiketi ya Alhamisi. Nimemnunulia soksi nene, maana ulisema miguu yake haipati joto. Juzi aliniambia kwa simu niharakishe, akakohoa, akacheka kikohozi chake mwenyewe. Nilimsikia vizuri kabisa.

Ndiyo maana nakuuliza, Dada. Nyumba ya Baba ni ya matofali, haina kuta za mawe. Mtandao ulioshika juzi umepatwa na nini leo?

Kazini nimewaambia siendi. Nimesimama jikoni, simu iko karibu na jiko, chaji imejaa. Kama Baba yuko, mpe simu anisalimu kwa mdomo wake, hata kwa kukohoa. Kama hayupo, niambie sasa hivi. Usimtume mtu kunipokea uwanjani na uso wa kucheka. Usinipangie viatu mlangoni. Nitakaa chini mwenyewe, sakafu ninayo.

Na ukilia, lia nikusikie. Usifungulie maji.

Mimi mdogo wako, ambaye bado sijasafiri.