Makofi ya Muyama

Mume wangu mdogo Eliya,

Hujambo huko Nairobi? Sisi wa Heru Juu tu wazima. Mama yako anavuna maharage, na babu yako amenuna, eti nageukageuka mno kitandani.

Ni swali lako hilo: sauti ikikukatika mbele ya kamera, ufanyeje? Mashindano yenyewe ya kuimba ndiyo kwanza yana mwaka wa pili, nchi zote jirani zinatazama, nawe ukiwa na hofu hata chai huimalizi!

Nikiwa msichana nilitakiwa kuimba harusini Muyama. Niliposimama, sauti ikagoma. Ndipo mama mmoja mzee akaanza kunipigia makofi polepole, yale ya kusalimiana kwetu Waha. Wengine wakamfuata. Sikulelewa kuacha salamu bila kuijibu, basi nikaitikia, na wimbo ukaja nyuma yake.

Jumamosi nitakuwa Kasulu, mbele ya televisheni ya dukani. Nimeshamsumbua mwenye duka aweke mafuta kwenye jenereta. Ukisimama tu, nitapiga makofi.

Najua hutayasikia. Wewe itikia.

Bibi yako