Miwani Inayoonyesha Macho

Kando ya ziwa, Kanada
Jumapili asubuhi, ukungu bado haujaondoka

Kwa babu yangu na mume wangu, Mzee Mhando, Kwedizinga.

Shikamoo, mume wangu. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua umeiitikia huku umenuna. Naomba barua hii ikukute umeshakunywa uji, na mkono wako usiwe unakusumbua kwa baridi ya alfajiri. Mimi mkeo mdogo ni mzima. Nakula, nalala, na navaa soksi mbilimbili kama ulivyoniusia. Na wewe mke mwenzangu, bibi, ambaye ndiye unayemsomea, nawe shikamoo. Nakuomba usome yote, usiruke pale ninapomsifia mume wetu. Nakujua.

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya duka ninalofanyia kazi. Chini yangu ni ziwa, lakini silioni. Ukungu wa hapa hulala juu ya maji mpaka jua lipate nguvu, na kila nikiutazama najikuta Dindira kwa wazazi wa mama, nina miaka sita, nimetoka nje bila viatu, mashamba ya chai yamepotea na sauti za wachumaji zinatoka mahali nisipopaona. Halafu nikifumba macho kidogo tu, milima inashuka, joto linapanda, na niko Kwedizinga pembeni yako bwawani, mkononi nina kopo la nyungunyungu. Sijui mwili wangu unafikaje huko kote bila nauli. Nikifumbua macho kikombe kimepoa.

Babu, leo nataka tuzungumze habari ya miwani. Usiikunje barua.

Najua unaijua habari hii kuliko mimi, lakini acha niisimulie kama nilivyoisikia kwa kila mtu, kisha wewe ndiye utakayenisahihisha. Mwaka jana nilikutumia miwani ya jua. Niliinunua kwenye duka la nguo huku, nikachagua ile nyeusi kuliko zote, kwa akili yangu kwamba weusi ndio kinga. Ukaivaa kwa sababu ilitoka kwangu. Baba mdogo Athumani akasema unafanana na mpiga debe wa stendi ya Handeni, na wewe ukaenda nayo bwawani hivyohivyo.

Siku hiyo umekaa ukingoni na mshipi wako, akapita mkwe wako, Mama Zaina, mzazi wa mke wa baba mdogo, ana ndoo kichwani. Akasimama: "Habari za asubuhi, mkwe." Na wewe mkwe huwezi kumwitikia ukiwa umekaa, sembuse ukiwa umefunika macho. Ukaivua miwani harakaharaka, ukainuka. Macho yalikuwa yameshazoea kiza, na jua lote la bwawani likakuingia kwa mpigo mmoja. Ukaona ukingo mahali pasipo na ukingo. Ukakanyaga maji.

Mkono ukavunjika, miwani ikabaki kwenye tope. Lakini mama aliniambia kwamba kilichokuuma si mkono. Ni kwamba Mama Zaina alitua ndoo, akaingia majini na khanga yake, akakuvuta kwa kwapa mpaka nchi kavu, mkwe wako, umelowa mpaka kofia. Tangu siku hiyo hupiti hata njia ya bwawani. Baba mdogo aliupandisha mshipi wako darini, na hukuuliza uko wapi. Hilo la kutouliza ndilo lililoninyima usingizi.

Nilipokupigia uliniambia: "Yale maji tumemalizana, mke wangu. Hata kabla sijaanguka yalikuwa yananionyesha mawingu tu. Samaki siwaoni tena. Macho yamezeeka, na mwenyewe nimezeeka." Ukacheka, ili nicheke. Sikucheka. Nililia kwenye chumba cha kuhifadhia maboya, kwa sababu niliona kama nimekununulia uzee kwa mkono wangu na kukutumia umefungwa kwenye boksi.

Sasa sikiliza nilichojifunza.

Unajua kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kufua mashuka ya wageni. Tangu mwezi wa nne nimehamishiwa dukani, tunauza ndoano, nyuzi, makasia, helmeti za baiskeli na miwani. Watu wa huku hawavui kwa njaa, babu. Wanakaa siku nzima, wanamkamata samaki mkubwa kama mkono wangu, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Nilipoona mara ya kwanza nilitaka kuruka nimfuate. Bosi wangu, mama mmoja mwenye mvi na sauti ya kukwaruza, ndiye aliyenifundisha miwani, na anaifundisha kama wewe ulivyonifundisha kufunga fundo, yaani kwa kunigombeza.

Weusi si kinga. Hilo ndilo la kwanza alilonigombezea. Kinachozuia mionzi mibaya ya jua kimo ndani ya lenzi yenyewe, hata lenzi iwe nyepesi kama maji ya limao, na huandikwa kwenye karatasi yake. Lenzi nyeusi isiyo na kinga ni kiza tu. Na kwa mvuvi liko jambo jingine kubwa zaidi. Jua likipiga maji, huruka kutoka juu yake na kukuingia machoni, ule mng'ao mweupe unaokufanya ukunje uso. Zipo lenzi zenye utando usioonekana unaoukata mng'ao huo. Wenyewe wanaziita polaraizi. Ukiivaa, uso wa maji ni kama unafunuliwa, unaona ndani.

Niliposikia hivyo nilimwambia bosi nataka moja ya babu yangu. Akaniuliza, "Maji yake yana rangi gani?" Maana zinachaguliwa kwa maji, babu. Ya kijivu ni ya ziwa kubwa lenye kina na jua kali. Ya njano ni ya alfajiri na siku ya mawingu. Za kahawia na shaba ni za mito na mabwawa yenye tope. Nikakosa maneno ya kumweleza bwawa letu kwa Kiingereza changu hiki. Nikaenda jikoni nikapika chai.

Usicheke. Nilipika chai ya rangi, nzito, kama maji yalivyo kiangazi. Nikaimimina kwenye beseni jeupe, nikatumbukiza funguo ya duka chini, nikaliweka beseni chini ya taa kali mpaka taa ikawa inang'aa juu ya chai na funguo isionekane. Kisha nikaongeza maziwa kidogo, iwe kama pale ng'ombe wa Wamasai wanapotoka kunywa. Bosi alisimama mlangoni amekunja mikono. Nikajaribu miwani moja baada ya nyingine, muda wote wa chakula cha mchana. Ya kijivu ilinionyesha kivuli cha funguo. Ya njano haikunisaidia kitu. Za shaba mbili ndizo zilizonionyesha meno yake.

Hizo mbili ndizo zilizonitesa. Moja ilikuwa nzito, kwa nje inametameta kama bati jipya, na funguo niliiona vizuri kuliko kwa nyingine yoyote. Ya pili ilikuwa nyepesi, rangi ya asali, na kuona kwake kulipungua kidogo sana. Bosi akasema chukua ile ya bati, jua la kwenu ni kali. Kwa haki yote alikuwa sahihi. Nikaishika, nikaitazama, na badala ya samaki nikamwona Mama Zaina amesimama na ndoo yake.

Nikampigia mama simu ya picha. Sikumwambia lolote. Nikavaa ile ya bati nikamsalimu. Mama akasema, "We Mwajuma, umevaa nini hicho? Naona taa na dirisha, wewe mwenyewe sikuoni. Hebu vua nikuitikie." Nikavua. Nikavaa ya asali, nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia papo hapo. "Marahaba mwanangu." Akasogeza uso. "Mbona umelia?"

Sikuwa nimelia, babu. Labda kidogo. Lakini hapo hapo nikajua ni ipi.

Bosi aliniuliza kwa nini nimeacha nzuri nikachukua ya pili. Nikamwambia kwetu mtu akikusalimia, anasalimiana na macho yako, na ukimfungia macho ni kama umemfungia mlango akiwa bado uani. Nikamwambia na habari ya mkwe na ndoo. Amekaa na watu wa miwani maisha yake yote, akasema hajawahi kuulizwa kama macho yataonekana. Kesho yake alipoingia dukani aliipandisha miwani yake kichwani kwanza, kisha ndipo akanisalimu. Mpaka leo anafanya hivyo.

Basi miwani ndiyo hiyo, imo kwenye mfuko laini ndani ya boksi. Ameileta Hadija, rafiki yangu anayerudi kwao Korogwe kumwona mama yake; mpeni maji ya kunywa na msimwache aondoke bila mahindi. Ina kamba ya shingoni, ili ukianguka tena isibaki kwenye tope. Nimesema ukianguka, sijasema utaanguka, usinitazame hivyo. Ikiingia vumbi, imwagie maji kwanza ndipo uipanguse. Usiifute kwa ncha ya msuli wako, mchanga wa Kwedizinga utaikwaruza lenzi. Na jioni jua likishuka ivue, haina kazi tena. Baba mdogo akibisha kwamba ni miwani kama miwani nyingine, mwambie aivae, atazame simu yake, aigeuze simu polepole. Itafika mahali kioo cha simu kitakuwa cheusi kabisa. Asije akasema nimemharibia simu. Ndivyo tunavyozipima hata sisi dukani.

Lakini hayo yote siyo niliyokaa kuandika.

Nilipoinunua, kabla ya kuifunga, niliteremka nayo ziwani. Ilikuwa saa sita mchana, maji yametulia kabisa. Nikasimama mwisho wa gati bila kuvaa kitu, nikatazama chini. Babu, niliona mawingu. Mawingu matupu, na uso wangu katikati yake. Mimi nina miaka ishirini na tisa, na daktari wa huku alinipima macho akasema hayana kasoro hata moja. Nikaivaa miwani yako. Mawingu yakaondoka kama mtu aliyevuta shuka, na chini yake kulikuwa na mawe, majani marefu yanayolala upande mmoja, na samaki wawili wamesimama kimya kama wanasubiri kuitwa. Nikavua, mawingu. Nikavaa, samaki. Nilifanya hivyo mpaka mtu mmoja mwenye mtumbwi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Hapo nikakumbuka nilivyokuwa mdogo. Ulikuwa unaninong'oneza, "Yule pale, kambale, amelala kama mtu aliyeshiba," nami nilitazama kidole chako nikaona giza la maji tu, nikadhani unanitungia hadithi ili nikae kimya. Kisha ulikuwa unamvuta kweli. Miaka yote sikujua ulimwonaje. Nilikaa kwenye gati ile nikakumbuka mahali pako. Ulikuwa unakaa ndani ya matete, yale marefu ya upande wa machweo, yanakufunika kichwa na yanaweka kivuli mbele yako, mng'ao haupati pa kurukia. Mama ameniambia matete yale yalifyekwa yote bwawa lilipochimbuliwa kupanuliwa. Nimemuuliza ni lini. Ni mwaka uleule ulipoanza kusema unaona mawingu.

Si macho, mume wangu. Ni matete.

Kwa hiyo namwomba baba mdogo, kwa heshima yote, aushushe mshipi darini leo kabla ya chakula cha mchana, bila maneno na bila kumtania baba yake. Nisalimie mama akija na umwambie silii tena. Nisalimie shangazi wa Korogwe, yule anayeuza vitumbua nje ya mashamba ya mkonge, mwambie naviota. Nisalimie mke mwenzangu, ingawa amekwisha kujisomea. Na Mama Zaina mpelekee salamu zangu za kipekee kwa kumtoa mume wangu majini.

Au usimpelekee. Kaa bwawani umngoje. Atapita na ndoo yake, atasimama, atasema habari za asubuhi, mkwe. Inuka polepole kama kawaida yako. Miwani usiivue. Mwitikie tu, atayaona macho yako.

Kisha urudi ukae, utazame chini. Utakachokiona, umwambie yeye kwanza.

Mimi mkeo mdogo asiyejua kupika ugali wa watu wengi,
Mwajuma