Hakuna wa kutuambia tuinuke

Mwenzangu, nivumilie, nakuandikia haraka.

Tairi la lori limepasuka sasa hivi nje ya duka la baba. Tairi tu! Lakini mimi, mama na kaka tukajikuta tumelala kifudifudi nyuma ya kaunta, katikati ya makopo ya rangi.

Si unamkumbuka marehemu baba na vishindo. Vita viliisha hatujazaliwa, lakini yeye havikumwisha. Hata sahani ikianguka jikoni alitulaza sote chini, akaenda mlangoni, akachungulia, ndipo aseme, "Haya wanangu, inukeni. Kumetulia."

Mteja mmoja, fundi rangi, akainama juu ya kaunta: "Vipi, mmeangusha sindano?" Kaka akacheka, akainuka, akajipangusa.

Mama hakuinuka.

Hakuinuka, mwenzangu! Kafumba macho, kanishika kisogo, ananikandamiza chini. Namwambia, "Mama, ni tairi." Akazidi kunikandamiza. Nikadhani naye ananitoka, na hata mwezi haujaisha tangu tumzike baba.

Nikajikaza, nikasema kama baba, "Haya, inukeni. Kumetulia."

Akanijibu bila kufumbua macho, "Umejuaje, na hujaenda mlangoni?"

Basi nikaenda. Nilijua ni tairi. Dereva nilimsikia kabisa akililaani. Lakini nilipofika kizingitini nilishindwa kutoa kichwa nje.

Sisi tulidhani baba haogopi. Kumbe kila mara alikuwa anaogopa, na kila mara alikwenda.